Kivuli Juu ya Ndagoni

Ndege zangu za mwanzo zote zilizimika.
Nilizipigia Wawi, penye seng'enge iliyotoboka,
kwa kamera ya mjomba Hamadi, mkanda wake wa mpira wa baiskeli.
Picha thelathini na sita, na katika kila moja
pangaboi limesimama kama mishale ya saa mbovu.
Shaame mlinzi alizipitia, akanirudishia:
"Hii itaanguka, kijana. Na hii. Na hii nayo."

Alishanikamata mara mbili.
Unapiga picha za nini? Nani kakutuma?
Akalifungua daftari langu la hesabu juu ya meza ya zamu:
namba za mikiani, saa za kutua, upepo watoka wapi,
na kwa nyuma, sehemu na desimali nilizokosa.
Alisoma mpaka jalada la mwisho.
Kesho yake akanionesha pa kusimama,
jua likiwa mgongoni.

Ilinichukua masika mawili kufahamu
kwamba jicho la kamera lilikuwa na pupa.
Lifungue taratibu, moja ya mia na ishirini na tano,
uifuate ndege kwa kiuno, si kwa mikono,
kama unavyomfuata kwa macho
mtu usiyetaka ajue kuwa wamtazama.
Pangaboi likawa duara la moshi.
Ndege ikaruka, karatasini,
na Shaame akaiomba, akaibandika kibandani mwake.

Siku hizi nalipwa.
Ofisi inataka mabonde yaliyoingiwa na bahari,
moja moja, kutoka juu, kabla jua halijawa kali.
Mlango umeng'olewa. Nimefungwa mikanda miwili,
na wa tatu ni dua ya mama, hauna kifungo.
Rubani Mwatima hasemi nami, anaimba kwa pua.

Kutoka juu chumvi ina rangi:
kijivu, kinapanda bondeni
kama chai iliyomwagikia shuka,
na mpunga unajikunja pembeni.
Kando ya barabara, majamvi ya karafuu:
hili bado jekundu, hili kahawia, lile jeusi.
Naweza kukwambia nani kachuma jana
na nani ataamka leo kwenda kuuza.

Mama alinambia: "Nitavaa kanga ya manjano,
nitasimama uani. Usinipite."
Mwatima akalaza bawa.
Bati, mnazi, bati, kisima, bati,
nukta ya manjano.
Nilibonyeza.
Sikumpungia. Mikono yote ilikuwa kazini.
Hilo linaniuma mpaka leo.

Ofisini wakauliza: nukta hii ni nini,
vumbi la lenzi? Ifute.
Nikafuta. Nakala moja sikuigusa.

Mama aliiweka juu ya jamvi,
kati ya karafuu ambazo hazijachambuliwa.
Nikangoja ajione.
Hakujitafuta kabisa. Kidole chake
kikashuka moja kwa moja kwenye kijivu:
"Hili konde la Mize. Hapa Bikombo.
Hapa baba yako, mwaka ule wa magunia manane,
tulilala na mpunga chumbani, sisi tukalala ukumbini."
Akanyamaza. Nje, mtu alikuwa anageuza karafuu kwa mguu,
unasikia zikichakarika.

"Na wewe? Uko wapi?"

Nikamwonesha, ukingoni, juu ya chumvi:
kivuli cha ndege, kiwiliwili chembamba, mabawa mafupi,
kama karafuu moja iliyodondoka njiani.
Nimo humu, mama.

Akainama. Akakikwangua kwa ukucha,
polepole, kama anayetoa konyo.
Hakikutoka.
"Mbona pangaboi silioni?"

Huwezi kuliona, nikasema.
Linazunguka.